Mia Tatu na Kumi na Wawili

Kazi yangu ni kuhesabu watu.
Daftari la kurasa arobaini na nane, na vijiti:
vinne vimesimama, cha tano kimelala juu yao.

Uwanja wetu wa kale, nyuma ya Bweni la Nne,
ulikuwa na ngazi sita za mawe upande mmoja,
ua wa michongoma upande wa pili,
na juu ya goli la kaskazini, madirisha:
suruali zilizoanikwa, vichwa kati ya suruali.
Vichwa vya madirishani niliviandika kwa penseli
kwa kuwa havikulipa, ila vilipiga sufuria.

Jumamosi moja ya Julai, baridi ya kung'ata masikio,
niliandika mia tatu na kumi na wawili.
Ukidondosha yai la kuchemsha, lilimwangukia mwenzako.
Nyaboke wa sheria, mwaka wa pili, akashika debe
akamtungia kipa wa wageni utani
kuhusu mkopo wake wa karo uliokwama,
na yule kipa akacheka, Mungu wangu, akacheka
huku mpira unampita kando ya goti.

Ndipo wakubwa wakasema: tumekua.
Bwana Gichohi wa idara ya michezo akatandaza ramani kantini,
akaweka kidole Kasarani.
"Timu kubwa, nyumba kubwa."
Sikubisha. Mhesabu habishi.

Tulikwenda kwa mabasi mawili ya chuo;
moja lilirudi kuwachukua wengine, halikukuta wengine.
Nikakaa langoni na kalamu tatu mpya.
Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo watu hunikatalia:
waliingia mia tatu na arobaini.
Zaidi! Zaidi ya ile Jumamosi, kwa ishirini na wanane.
Lakini nilipoinua macho kutoka daftarini
sikuona mtu.
Viti, viti, viti,
safu zinapanda mpaka shingo inauma,
na huku na huko, kama punje za wali mezani wageni wakishaondoka,
komredi mmoja na koti, wawili na mwavuli,
kila mtu na safu yake kama mwenye shamba.
Nyaboke alipiga debe.
Sauti ikaenda ng'ambo, ikazunguka, ikarudi imechelewa,
akawa anajibizana na debe lake mwenyewe
mpaka akaona haya, akaligeuza kiti
katikati ya viti vyote vile.
Wafubwa, kipa wetu, aliniambia baadaye:
"Nilisikia glavu zangu zikikwaruzana. Sijawahi kuzisikia."

Mechi ya pili, mia na tisa.
Ya tatu iliangukia wiki ya mitihani, usiniulize.
Ya nne walibaki ukumbi wa bweni mbele ya runinga,
timu za Uingereza, wanne kwenye kiti kimoja,
wanagombania hewa. Wanafurahi.
Bwana Gichohi akaandika ripoti:
vijana wa siku hizi hawakipendi chuo chao.
Aliomba takwimu zangu, nikampa.
Hazikuwa na safu ya kuandika bega limegusa bega.

Jana jioni nilipita nyuma ya Bweni la Nne.
Ngazi mbili zimeibwa mawe. Nyasi zimefika magotini.
Wa mwaka wa kwanza, uhandisi na kilimo,
magoli ya mabegi, kwarara wawili katikati wamekataa kuondoka.
Waliotoka kula walisimama kidogo, chapati mkononi;
kidogo ikawa robo saa.
Ghorofa ya tatu dirisha likafunguka,
suruali ikasogezwa, sufuria ikalia mara moja
kama mtu anayejaribu jina alilolisahau.

Sikuwa kazini.
Nilitoa daftari hata hivyo.
Arobaini na mmoja, na mmoja kwa penseli.
Kijana akaja nyuma yangu, akanigusa bega:
samahani mkubwa, songa kidogo,
hapa pamejaa.