Thumni

Karani wa mahakama ya Samail, kijana, kalamu sikioni,
kaniuliza kwa Kiswahili cha bibi yake:
Marehemu alikuacha?
Nikasema ndiyo. Nikasema hapana.
Akasubiri nichague.

Aliniacha mwaka wa kimbunga,
na nusu mtungi wa gesi na kodi ya miezi miwili,
akarudi kwao kwenye mitende ya fardhi.
Hakuniacha: hapana karatasi, hapana mashahidi,
neno lile halikumtoka Zahran
hata usiku ule tuliorushiana sahani.
Andika unavyojua, mwanangu.

Mimi nilibaki Al-Hail nikishona kofia,
tundu kwa tundu,
macho yangu yakiishia kwenye vichwa vya wanaume wengine.

Kafa Jumanne. Nimeambiwa Alhamisi,
na mtu aliyekosea namba mara ya kwanza.
Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi,
nikamkalia asiyekaa nami.
Jirani akauliza, Unamlilia nini mtu yule?
Sikuwa nalia. Nilikuwa nahesabu.

Mundhir, mwanawe, huniita "yule mama wa Maskati".
Alinisogezea bahasha, rial mia mbili, hisani.
Nikairudisha kwa kidole kimoja.
Hisani huombwa. Mimi nimekuja kuchukua.

Kadhi akaanza na deni: mahari iliyobaki,
imelala kwenye cheti changu miaka thelathini na minane.
Wino umefifia, akasema, deni halififii.
Kisha akalitaja fungu langu: thumni.

Nikacheka, mbele ya watu, na nguo zangu za ujane.
Maana bibi yangu, Unguja,
alikuwa akinifungia thumni kwenye pindo la kanga
nikanunue mafuta ya taa, na chenji nirudishe.
Umri wote nikidhani ni jina la sarafu.

Na thumni yenyewe ni ya wawili, mimi na Ghaniya,
mke mwenzangu, ambaye sura yake
niliijua kwa picha ya harusi ya mtu mwingine.
Mitende, nimepata miwili, mmoja mzee.
Maji ya falaji: marehemu alikuwa na saa mbili kila zamu.
Karani akapiga hesabu, akafuta, akapiga tena.
Dakika saba na nusu.

Zamu ya kwanza nilikwenda alfajiri, viatu mkononi.
Maji yakaja, membamba, yamebeba kokwa na jani,
yakauzunguka mguu wa mtende mzee
kama yanayemfahamu.
Ghaniya kachuchumaa upande wa pili na saa ya marehemu,
ile ya mkanda wa chuma, inamcheza mkononi.
Hatukuwahi kusemezana.

Zako zimekwisha, akasema,
kiganja juu ya jiwe la kuzibia.

Jiwe akaliacha.