Lita Hamsini

Julai ya Newala haina adabu.
Upepo unapanda ukingo kutoka Ruvuma
unaingia bafuni bila hodi,
na hita ya zamani, tangu Alhamisi,
inatiririsha kutu ukutani.

Fundi Mchopa nimempigia mara nne.
"Niko njiani, mwalimu."
Njia gani hiyo isiyo na mwisho wala vumbi?
Siku ya tano nikaazima spana kwa jirani,
ile inayobana nati ya kila saizi,
ambayo jina lake sikulitaja mbele ya mama.

Nilizima swichi kuu. Nikarudi kuitazama kama imezimika.
Nikagusa waya kwa tesita, taa haikuwaka,
na bado mkono ulitetemeka
kama wa mwanafunzi wangu mbele ya ubao.
Nikafunga koki. Nikafungua tumbo la hita.

Ilinunuliwa mwaka ule wa korosho,
malipo ya pili yalipoingia kweli
na wenye maduka wakaanza kutusalimia kwanza.
Baba aliileta juu ya lori la magunia,
akaifunga mwenyewe, imepinda kidogo kushoto,
na miaka kumi na saba tumeoga
chini ya kosa lake la sentimita mbili.

Kwanza yakatoka maji. Kisha uji.
Kisha chokaa, vipande kama maganda ya mayai,
ndoo nzima na nusu ya nyingine:
bonde tulilolivuta kwa pampu
lilipanda mlima, likaja kukaa humu, kimya.

Mama akaleta kigoda, akakaa mlangoni
eti anishikie tochi.
Akachovya kidole kwenye ndoo, akaonja, akatema.
"Haya tulikuwa tunayashukia jogoo wa kwanza,
debe kichwani. Ukijikwaa kwenye mteremko
unapigwa mara mbili,
na jiwe, halafu na bibi."

Ndani kabisa nikakuta kile kijiti cha magnesi
kinachowekwa ili kutu ikile chenyewe,
iliache tangi.
Kilikuwa kimebaki waya,
mwembamba kama sindano ya kushonea mkeka.
Nikaitazama shingo ya mama,
nikafungua kinywa niseme jambo kubwa.
"Kitupe," akasema. "Chuma hicho. Na betri zinaisha."

Matundu ya zamani yakakataa boliti mpya.
Ukuta ukameguka kama kopa la muhogo;
nikaziba kwa saruji, nikangoja siku mbili,
nikatoboa upya juu kidogo.
Tepu nyeupe nikaizungusha kufuata uzi,
washa nikaibana hadi ikalia,
na bado nikaunganisha bomba la baridi penye la moto,
nikafungua vyote, nikajitukana Kimakonde,
na mama, aliyejifanya amesinzia, akacheka mabega.

Mwisho nikaweka pima-maji juu ya tangi.
Kiputo kikasimama katikati, sawasawa,
kama sijawahi kuona kitu humu ndani kikisimama sawa.
Sikukipenda.
Nikalegeza boliti ya kushoto, nusu mzunguko.

Koki ikakohoa hewa, ikatema maji mekundu,
ikakohoa tena, ikanyamaza, ikatiririka.
Nilingoja tangi lijae ndipo niwashe;
hilo nililijua kutoka kwenye karatasi
iliyoandikwa kwa lugha tano na Kiswahili hakimo.
Luku ikaanza kupepesa taa yake nyekundu
mbiombio, kama mtu anayehesabu hela za mwenzie.

Simu ikaita. "Mwalimu, niko getini."
Nikamkaribisha chai.
Akaikagua hita, akagonga tangi kwa kifundo cha kidole,
akasema, "Umeipindisha kidogo kushoto."
Nikasema najua.

Jioni mama alioga hadi kioo kikapofuka.
Akatoka na khanga mabegani, anafuka mvuke,
akalalamika kwamba maji ni moto mno
na ni mengi mno kwa mtu mmoja.

Nilipoingia baada yake
nikakuta pembeni, juu ya kigoda,
kata moja imejaa pomoni, imefunikwa kisahani:
ameyabakiza, kama alivyozoea,
kwa atakayefuata.