Ukuta wa Saa Tisa

Kageha alipofika Mudete na mabomba ya ramani kwapani
nilimwambia: mama, hapa pana mteremko.
Akasema, najua, nimeuchora mara kumi na nne.

Mimi ni mwashi. Najua timazi na pimamaji,
najua mfuko wa saruji unavyoweza kupotea
kati ya Luanda na hapa.
Sikujua ukuta unaweza kukataliwa
kwa sababu ya jicho lake.
Huu, alisema, unamtazama mgonjwa kama karani.
Bomoa.
Nikabomoa. Mara mbili.

Rangi alizipika mwenyewe: udongo wa njiani,
masizi ya chungu, majivu ya mgomba,
na kitu kingine cha kopo dogo, hakunionyesha.
Alipaka, ukuta ukakauka, hapakuonekana kitu.
Nikanyamaza. Fedha si zangu.

Benchi nalo: aliwaita Vugutsa, Imali na Kavai,
wakaketi kwenye saruji mbichi juu ya gunia,
wakapiga soga hadi ikaanza kushika.
Kisha akaingia na patasi, siku sita,
akifuata mashimo waliyoyaacha,
kiuno, goti, kisigino kilichochoka.

Wakaguzi walikuja wanne, viatu vinang'aa.
Zahanati tumeiona. Sanaa iko wapi?
Akasema, subirini saa tisa.
Mmoja akacheka. Mmoja akapiga simu.

Saa tisa mvua ikashuka kutoka milimani
kama kawaida yake, bila hodi.
Maji yakateleza ukutani, udongo ukaiva,
na watu wakaanza kutoka:
mama na mtoto mgongoni, mzee ameshika shavu,
msichana na kuku kwapani, malipo ya dawa,
foleni nzima, kutoka mlangoni hadi tangini.

Wakaguzi walikimbilia barazani. Wakakosa pa kukaa
ila ndani ya wale wanawake watatu.
Mnene wao aliingia kwa Vugutsa, akatulia,
akasahau kufunga mkoba.
Hata hivyo kitabuni waliandika:
Sanamu, haikuonekana.

Kageha aliondoka na deni langu la siku nne.
Sijamdai, ingawa mke wangu hukumbusha.
Ikinyesha napita pale, nasimama nje, naloa,
namtafuta mtu mwenye timazi.
Yumo, karibu na mlango, amenipa mgongo.
Jua likitoka
huondoka kabla yangu.