Chupa ya Nyamweru

Mawimbi hayabomoi tuta yanapokuja.
Hilo nililijua nikiwa na miaka hamsini na miwili,
baada ya kulijenga.

Yakija ni povu na kishindo,
watoto wa Kibirizi wanashangilia.
Kazi yanaifanya yakirudi,
yanapochomoka katikati ya mawe
na kijiko kimoja cha udongo,
kijiko, si zaidi,
kama mgeni anayeaga mara elfu kwa siku
na kila akiaga anaondoka na chumvi yako.

Tulipanga mawe ndani ya nyavu za waya,
viroba mia nane vya mchanga, nyasi juu.
Nilitembea juu yake asubuhi na jioni.
Pikipiki zilipita, gari la manispaa likapita,
nami nikaandika daftarini: Imara.
Juu palikuwa imara.

Nyamweru, muuza mawese,
genge lake likiwa chini, upande wa nchi kavu,
hakupanda juu hata siku moja.
Yeye alitazama kisigino.
Pale palipovuja kijito chembamba kama uzi wa cherehani
alikinga maji kwenye chupa,
akaiweka kando ya madumu
kama anavyoyaweka mawese anayoyatilia shaka:
yatulie, yaseme yenyewe.

Aprili, maji meupe.
Mei ilipoingia, tope limelala chini, unene wa ukucha.
Wiki ya tatu, kidole.
Akaniletea.
"Fundi Gwimo, tuta lako limo humu."
Nilicheka.
Nilimwambia ziwa lote lina tope, mama.

Liliondoka Jumanne,
ziwa limetulia kama uji uliopoa,
hakuna upepo kutoka Kongo, hakuna wingu.
Halikuanguka. Lilikaa chini, taratibu,
kama mtu aliyesimama foleni tangu alfajiri.
Ndani mlikuwa mapango,
na kaa wawili wakatoka, wakashangaa jua.

Maji yaliingia gengeni bila haraka.
Hayakukuta kitu. Nyamweru alihama Jumapili,
na meza, na madumu,
hata misumari aliing'oa akaenda nayo.
Chupa tu aliniachia, imefungwa kwa kamba juu ya nguzo.

Sasa tunajenga tena, mita sita nyuma.
Wasaidizi wangu wananicheka:
fundi mzima anaanza siku kwa kupiga magoti
akinusa matope.

Chupa ninayo dirishani.
Nikiitikisa, tuta linasimama
kitambo kidogo,
kisha linashuka.