Thumni

Karani alisoma kwa Kiarabu cha karatasi,
mama akanigeukia kwa Kiswahili cha jikoni:
"Kasema nini?"
Kasema thumni, mama. Fungu lako ni thumni.
Akacheka, mahakamani Sibu, mbele za watu.
"Thumni! Wete thumni ilininunulia
mkate wa mofa na kipande cha papa,
na chenji sikurudishiwa."

Wewe thumni. Mimi, Raya na Zuweina, thumni thumni.
Mundhiri na Khalfani mbili mbili.
Jumla nane. Hesabu imetoka bila baki,
imekunjika safi kama sanda dukani.
Hakuna aliyedhulumiwa, imo Kitabuni.
Ila baba hakujenga kwa mafungu.
Alijenga kwa matofali, akiyamwagia maji alfajiri
kabla ya kwenda kazini, Julai ya Mabela,
saruji isije ikakauka kwa pupa.

Mundhiri simlaumu sana.
(Namlaumu. Lakini si sana.)
Duka lake la matairi Sohari limemfia mkononi,
hundi mbili zimerudi, na hundi huku ikirudi
hairudi peke yake, huja na polisi.
Alitaka zake mbili. Hatukuwa nazo.
Nikaenda benki na hati ya mshahara wa zahanati;
kijana akabonyeza, akabonyeza,
akanigeuzia kioo nijionee mwenyewe
mimi ni riali ngapi.

Mmoja akitaka kutoka na wenziwe hawawezi kumnunua,
huuzwa chote.
Sentensi hiyo nimejifunza kama nilivyojifunza Fatiha:
kwanza ulimi, maana ikaja baadaye.

Akaja mthamini na tepu na kamera.
Akapima sebule, akagonga kuta kama daktari agongaye kifua,
akaandika: jengo, miaka thelathini na nne;
tangi la juu, bovu.
Mndimu hakuuandika.
Mama akamfuata nyuma na sahani ya visheti:
"Andika na mndimu, baba."
Akala kisheti. Hakuandika.

Mazadi, ndivyo wauitavyo mnada.
"Si neno moja na zidi hilo?" mama akauliza.
"Kuzidi, ziada, mazadi. Haya, anayezidi nani?"

Zamani, Ijumaa, baba alitupeleka Nizwa, mnada wa mbuzi:
dalali anamzungusha mnyama kwa kamba,
wanunuzi wanambinya mgongo, wanamchungulia meno.
Nilidhani na nyumba itakuwa vile,
tutaiona ikizungushwa, walau iagwe.
Mnada ulikuwa ndani ya simu.
Namba za kijani zikipanda zenyewe,
na mama amemkalia yule mbuzi mwingine, asiyelia,
aliyetoka naye Pemba, anakuna nazi.
Sitini. Sitini na mbili.
Sitini na nne elfu. Kimya. Umefungwa.
Elfu nane, mama. Thumni yako.
"Wali utaungua," akasema,
akaenda kupunguza moto.

Siku ya kukabidhi alifagia vyumba vyote,
hata kilichokuwa cha Mundhiri.
Cha Mundhiri alikifagia mara mbili.
Mnunuzi kijana wa Rustaki, mkewe mjamzito,
viatu amevivua mlangoni
kama mgeni, na nyumba ni yake.
Ufunguo mama hakuutoa kwanza.
Alimshika mwanamke mkono, akampeleka uani,
Kiarabu chake kikipinda kwa haraka:
bomba hili hufungwa kushoto, usilikaze.
Mndimu mnyweshe jioni, si mchana.
Na ndimu zikiangukia njiani, ng'ambo ya ukuta,
msitoke kuziokota.
Waachieni watoto wa jirani.
Wamezoea.