Hodi ya Mwenye Nyumba

Nikirudi Tabata jioni, kabla ya ufunguo
huwa napiga hodi.
Nasubiri kidogo, ndiyo adabu,
kisha najijibu: karibu, pita ndani.
Naingia mgeni, navua viatu mwenyeji.

Mwaka wa tisa huu.
Haikuanza kwa wazimu, ilianza kwa vibaka.
Mama Tunu wa nyumba ya mbele alinifunza
mwanamke wa peke yake aache redio ikiongea
na ndala za kiume mlangoni, namba kumi.
Nilizinunua Buguruni, kila Jumamosi naziosha.
Juzi nimejikuta nazisogeza,
moja mbele, moja nyuma,
kama za mtu aliyetoka akarudi.

Sokoni hawauzi kwa mtu mmoja.
Nyanya ni fungu, na fungu
ni la watoto watatu na shemeji.
"Nigawie nusu." Muuzaji ananitazama
kama nimeomba nusu ya yai.
Basi nabeba lote, na zile mbili za mwisho
zikianza kulegea nazipa majina
ili nione haya kuzitupa.

Nina sahani sita. Moja imechujuka maua,
tano bado zina karatasi ya dukani.
Hata hiyo moja siku hizi inapumzika:
nakula kwenye sufuria, nimesimama,
mwiko ndio kijiko, feni ndiyo mazungumzo.
Umeme ukirudi mtaa mzima hupiga kelele,
nami napiga, mikono juu,
kisha namwona feni anageuza shingo.

Kitanda ni futi tano kwa sita.
Mimi ukingoni, upande wa mlango.
Ukutani zimelala nguo safi zisizokunjwa,
chaja, bakuli la karanga, gazeti la Jumapili iliyopita.
Usiku nikibanwa naziambia: sogeeni.

Zipu ya mgongoni nimeifunga uzi,
navuta juu ya bega kama nateka maji kisimani.
Siku uzi ulipokatika
nilishinda kazini na khanga mabegani,
joto la Februari,
nikisema nina homa.

Kuna moja sijamwambia mtu.
Changu nampenda, wa kukaanga, na ndimu.
Usiku simli tena.
Mwaka juzi mwiba ulinikaa kooni,
nikajipiga mgongo kwa ukuta,
redio inasoma bei ya mahindi, gunia kwa gunia,
mkoa kwa mkoa.
Ulishuka na tonge la Rukwa.
Sasa namla mchana tu, mlango wazi,
Mama Tunu akiuliza, nasema nafuata upepo.

Machi akaja Ambakisye, mtoto wa dada,
kutoka Tukuyu, ana usaili wa kazi Posta.
Wiki moja.
Nikatoa karatasi kwenye sahani ya pili.
Nikakunja nguo. Nikanyamaza na feni.
Siku tatu sikulala, mtu anapumua sebuleni,
nikamwombea kazi, Mungu anisamehe,
kazi ya mbali.
Asubuhi moja akavaa zile ndala kwenda kununua chapati.
Zilimtosha.
Nilifungua mdomo nimkemee, sikujua nitasema ni za nani.

Alhamisi nikakaanga changu wawili, usiku,
mlango nimefunga kwa komeo.
Akaniuliza: "Mama mdogo, mbona unanitazama hivyo?"
Nikamwambia: "Kula."

Jumapili nikamsindikiza stendi.
Nikarudi na furaha yangu yote,
nitakula nimesimama, nitatandaza nguo,
nitamweleza feni habari za wiki nzima.
Mlangoni ndala moja ilikuwa kifudifudi,
alivyoiacha.
Sikuigeuza.

Nikapiga hodi.
Nikasubiri, ndiyo adabu.
Nikasubiri tena kidogo,
ufunguo mkononi.