Swali la Nane

Nilianza juu, maana kushuka ngazi
kuna nafuu kidogo katika jua la Februari.
Ghorofa sita, Tudor, nyumba arubaini na mbili,
na jenereta moja uani
inayokohoa moshi kwenye kanga za kila mtu.

Swali la saba: Je, ungechangia paneli za sola
juu ya paa, jenereta hii ikapumzishwa?
Swali la nane: Katika majirani zako kumi,
wangapi, kwa maoni yako, wangechangia?

Bi Mwanasiti, ambaye dari yake ni kikaango
tangu Ramadhani ya mwaka jana,
alijibu la saba kabla sijalimaliza.
"Hata leo. Kibubu ninacho."
La nane akacheka, akanimiminia maji ya ukwaju.
"Hawa? Wewe wawajua hawa?
Andika mmoja. Na huyo mmoja ni mimi."

Mwakio, anayelinda makontena usiku,
alifungua mlango nusu na jicho nusu.
Angechangia. Mtoto ana pumu.
Wengine? "Wawili. Wale wa ghorofa ya nne
wana roho nyeupe."

Wale wa ghorofa ya nne, wenye roho nyeupe,
walisema wao tayari, ila watu wa chini ni wabishi,
hata taa ya ngazi hawaichangii.
Watu wa chini wakanyoosha kidole juu.

Jayanti, mhasibu mstaafu, alikataa kwa adabu:
dunia itaokolewa na mashine
ambayo bado haijabuniwa,
ya nini kununua ya leo?
Jirani yake naye alikataa. Wajibu wake ameshautimiza,
akanionyesha kikapu cha ukili
anachobebea nyanya badala ya mfuko.

Nyevu alikuwa akikaanga viazi karai.
Alisema bila kugeuka:
"Mwanangu, bahari yapanda,
na mimi nizime taa ya choo?
Haya, niandike ndiyo. Ndiyo yangu haimuumizi mtu.
Hao wengine watilie sufuri."
Fomu haikuwa na kisanduku cha ndiyo isiyoumiza.
Nikatia tiki palipokuwapo.

Nne hazikufunguka.

Chini, nikaketi karibu na pampu ya maji, nikahesabu.
Waliokubali: thelathini na watatu katika thelathini na wanane.
Wastani wa swali la nane: wawili katika kumi.
Nikahesabu tena,
kama mtu aliyezidishiwa chenji dukani.

Jengo zima lilikuwa limekubaliana
na lenyewe halina habari.
Thelathini na watatu, kila mmoja
amejifungia na wema wake
kama mtu mwenye sahani ya mwisho ya biriani.
Tumeambiwa umoja ni nguvu.
Hatukuambiwa umoja hujijuaje kwamba upo.

Niliapa kutunza siri. Majina hayatoki.
Lakini namba hakuna aliyeniapisha.
Kulikuwa na kipande cha chaki, cha watoto.
Nikaandika ukutani, juu ya pampu:
33 kati ya 38.
Kisha nikaondoka upesi, kama mwizi wa ndala.

Juma lililofuata nilirudia sahihi iliyosahaulika.
Jenereta ilikuwa ikikohoa vilevile.
Chini ya namba yangu, kwa mkaa:
Hii nini? Deni la maji?
Chini yake, mwandiko mwingine:
Ni mpira. Tumefungwa.
Na chini kabisa, kwa herufi ndogo
za mtu aliyechuchumaa ili asionekane:
Kama ni ile ya paneli, mimi sikuwapo siku ile.
Niongezeni.

Usiku, kwangu Kisauni, feni ikizunguka,
nilichukua fomu tupu nikajijaza mwenyewe.
La saba: ndiyo.
La nane: mkono ulikuwa umeshaandika
wawili
kabla sijaukumbusha
ulikotoka.